Jua Linapopatwa Kikamilifu: Namna ya Kulitazama na Kulipiga Picha

Asilimia 99 haitoshi. Tuanze hapo, maana kila jua linapopatwa kuna watu wanaobaki kilomita 30 nje ya njia ya kivuli, wakiamini kwamba wameona karibu kila kitu. Ukweli ni kwamba hawajaona lile lililowafanya wengine wavuke bahari.

Hesabu yake ni hii. Mwanga wa jua ni mkali karibu mara 400,000 kuliko wa mwezi mpevu. Mwezi ukilifunika kwa asilimia 99, ile asilimia 1 inayobaki bado ina mwanga mara 4,000 kuliko mwezi mpevu. Mchana unafifia kidogo, ubaridi unapita, basi. Lakini taji la jua, yaani ule utando mweupe wa gesi unaolizunguka jua siku zote, mwanga wake wote ukijumlishwa unakaribia wa mwezi mpevu tu. Haliwezi kuonekana mpaka kile kipande cha mwisho kabisa kizimike. Tofauti ya asilimia 99 na 100 ni tofauti ya mchana na usiku.

Yote yanawezekana kwa sababu kipenyo cha jua ni kama mara 400 ya kipenyo cha mwezi, na umbali wake kutoka duniani nao ni kama mara 400 ya umbali wa mwezi. Angani vinaonekana kwa ukubwa uleule, nusu digrii hivi. Mwezi ukiwa upande wa mbali wa mzunguko wake, unashindwa kulifunika jua lote na linabaki duara la moto pembezoni. Huko ni kupatwa kwa pete, na kanuni zake ni nyingine: filta haitoki machoni wala kwenye lenzi hata sekunde moja. Mwongozo huu unahusu kupatwa kikamilifu tu.

Ushauri wote utakaofuata umejengwa juu ya jambo moja. Dakika za giza ni chache mno kuzimalizia kwenye vitufe vya kamera. Kila kinachoweza kufanywa kabla, kifanywe kabla.

Hatua ya 1: Chagua tukio, kisha mahali

Kwa wastani, sehemu moja ya dunia hupitiwa na kivuli kamili cha mwezi mara moja katika miaka 375 hivi. Ukikaa ukisubiri kije kwako, huenda hata wajukuu wasikione. Lazima ukifuate.

Matukio ya karibu yanajulikana mpaka sekunde. Tarehe 12 Agosti 2026 kivuli kinapita Greenland, Iceland na Hispania, na muda mrefu kabisa wa giza ni dakika 2 na sekunde 18. Tarehe 2 Agosti 2027 kinaanzia Atlantiki na kupita kusini mwa Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudia, Yemen hadi ncha ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza linafika dakika 6 na sekunde 23. Tarehe 22 Julai 2028 ni zamu ya Australia na New Zealand, na jiji la Sydney liko ndani ya njia. Tarehe 25 Novemba 2030 kinapita Namibia, Botswana, Afrika Kusini na Lesotho kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi kwenda Australia.

Kwa mizani, muda mrefu kabisa unaowezekana ni dakika 7 na nusu hivi. Lile la tarehe 30 Juni 1973, lililovuka Afrika kutoka Mauritania hadi kaskazini mwa Kenya, lilizidi dakika 7. Siku hiyo wanasayansi walipanda ndege ya Concorde wakakimbizana na kivuli juu ya Sahara, wakakaa ndani yake kwa dakika 74. Sisi wa ardhini tunapata kile kinachotupitia, na kinapita kwa kasi isiyopungua kilomita 1,700 kwa saa.

Ukishachagua tukio, tafuta ramani ya njia ya kivuli. Shirika la NASA hutoa ramani hizo bure, na zipo ramani za mtandaoni ambazo ukigusa sehemu yoyote zinakuonyesha saa ya kuanza, muda wa giza, na urefu wa jua angani kwa digrii. Utaona njia yenyewe ni ukanda wenye upana wa kilomita mia moja hadi mia mbili na ushei, na katikati yake umechorwa mstari. Wengi hung'ang'ania mstari huo wa kati, na hapo napingana nao. Kivuli ni duara, kwa hiyo muda haupungui kwa kiwango kilekile kila unaposogea pembeni: ukiwa nusu ya safari kati ya mstari wa kati na ukingo, bado unapata asilimia 86 hivi ya muda wote. Ni ule ukanda mwembamba wa karibu na ukingo ndio unaonyang'anya dakika. Usihame penye anga safi kwenda penye mawingu ili tu uongeze sekunde kumi.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua. Dakika mbili chini ya anga safi zinashinda dakika sita chini ya wingu. Miezi kadhaa kabla, angalia wastani wa mawingu wa eneo hilo kwa tarehe hizo, hasa takwimu zinazotokana na picha za satelaiti. Siku tatu kabla, anza kufuata utabiri wenyewe. Usiku wa kuamkia siku ile, angalia picha za satelaiti na uwe na mahali pa pili, kilomita mia au mia mbili kwenye njia ileile, pamoja na gari lenye tangi lililojaa. Ila mwezi ukishaanza kulila jua, tulia ulipo, isipokuwa kama anga lote limefungwa. Yale mawingu madogo ya marundo yanayozaliwa na joto la ardhi mara nyingi huyeyuka yenyewe ardhi inapopoa wakati wa kupatwa, na watu waliokimbia barabarani huishia kutazama kupitia kioo cha gari.

Jambo la mwisho kuhusu mahali ni urefu wa jua angani. Mwaka 2026 kule Hispania linapatwa karibu na machweo. Kwenye kisiwa cha Mallorca linakuwa digrii mbili au tatu tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo kilima kidogo au jengo upande wa magharibi linaweza kukuharibia safari nzima. Mwaka 2027 Luxor ni kinyume chake: jua liko zaidi ya digrii 80, karibu utosini, na tripodi nyingi haziwezi kuinua lenzi ndefu kiasi hicho bila lenzi kugonga miguu yake. Nenda mahali penyewe siku moja kabla, saa ileile, uone jua liko wapi.

Hatua ya 2: Linda macho

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya maumivu. Ukiliangalia jua kwa macho makavu, hata likiwa limebaki kijipande, huhisi kitu. Unagundua saa kadhaa baadaye, pale katikati ya kila unachokitazama panapokuwa na doa.

Tumia miwani ya kupatwa kwa jua iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, na uinunue kwa muuzaji anayeeleweka, kwa kuwa alama hiyo mtu yeyote anaweza kuichapisha kwenye karatasi. Ijaribu mwenyewe: ukiivaa ndani ya nyumba usione kitu isipokuwa taa kali sana, na hiyo nayo iwe hafifu. Nje, jua lionekane duara lililotulia lisiloumiza jicho. Ikiwa na mkwaruzo, tundu, au filamu yake imeachia kwenye fremu, itupe. Kioo cha kuchomelea cha namba 12 hadi 14 kinafaa. Miwani ya kawaida ya jua, hata iwe tatu juu ya nyingine, haifai. Wala eksirei, wala CD, wala kioo kilichofukizwa moshi. Vinapunguza mwanga unaouona na kuachia ule usiouona.

Kosa lenye madhara makubwa zaidi ni kuvaa miwani hiyo kisha kuchungulia kwenye darubini au kamera isiyo na filta. Lenzi inakusanya mwanga, inaiunguza filamu ya miwani na kuingia jichoni kabla hujapepesa. Filta hukaa mbele ya lenzi, upande wa jua. Daima mbele.

Miwani inavuliwa lini? Pale tu ambapo ukiwa umeivaa huoni chochote kabisa. Inarudi lini? Mara tu nukta ya kwanza ya jua inapochomoza upande wa pili. Kati ya hapo na hapo, macho makavu ni salama na ndiyo yanayotakiwa. Aliyebaki na miwani wakati wa giza ameangalia kitu cheusi tu.

Hatua ya 3: Amua unapiga picha ya nini

Kama ni mara yako ya kwanza, maoni yangu ni kwamba usipige picha ya jua lenyewe. Zipo maelfu, zimepigwa na watu wenye mitambo. Weka simu kwenye stendi, elekeza mandhari na watu ulionao, washa video dakika tatu kabla ya giza na uisahau. Simu itajaribu kuongeza mwanga yenyewe na kuficha ukali wa giza, lakini sauti haidanganyi, na utakaporudia kusikia watu walivyopiga kelele utafurahi kwamba hukuwa umeinamia skrini.

Asiyekubali ushauri huo achague moja kati ya hizi. Ya kwanza ni picha pana: lenzi ya milimita 14 hadi 35, ikichukua ardhi, watu, na jua jeusi juu yao. Hii inawezekana hata kwa simu, ingawa jua litakuwa nukta. Ya pili ni mfululizo wa hatua zote katika fremu moja: kamera haisogezwi, unapiga kila baada ya dakika 5, kisha unaziunganisha. Jua husafiri digrii 15 kwa saa, kwa hiyo katika dakika 5 linasogea mara mbili na nusu ya kipenyo chake, nafasi nzuri ya kuona kila hatua peke yake. Kumbuka tu kwamba kuanzia mwanzo hadi mwisho ni karibu saa mbili na nusu, jua litakata kama digrii 37 za anga. Pima kwanza kama lenzi yako inazitosha. Ya tatu ni picha ya karibu ya taji, na hiyo ndiyo yenye kazi.

Kwa picha ya karibu, gawanya urefu wa lenzi kwa 109 upate ukubwa wa jua kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Lenzi ya milimita 400 inakupa jua la milimita 3.7 kwenye fremu yenye kimo cha milimita 24. Usilione dogo. Taji hutanuka mara kadhaa ya ukubwa wa jua, na ukitumia lenzi ya milimita 1,500 utapata ukingo wa mwezi mzuri na taji lililokatwa. Kwa sensa kubwa, milimita 300 hadi 600 ndiyo mahali pake. Kwa sensa ndogo, 200 hadi 400.

Hatua ya 4: Vifaa

Kamera yoyote yenye mpangilio wa mkono kamili inafaa. Tripodi iwe nzito kuliko unavyodhani unahitaji, na ining'inizie mfuko wa mawe au maji. Rimoti ya waya ni muhimu kuliko lenzi ya gharama, kwa sababu kidole kinatikisa. Betri mbili zilizojaa, memori kadi tupu, tochi ndogo yenye mwanga mwekundu, utepe wa karatasi wenye gundi, kitambaa cheupe cha kuifunika kamera isichemke juani wakati wa kusubiri.

Filta ya lenzi iwe ya jua, yenye uzito wa 5.0, yaani inayopitisha sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga. Filta za kawaida za kupunguza mwanga, zile za kupigia maporomoko ya maji, si mbadala kwa jicho linalochungulia. Chagua aina ya kuvalisha na kuvua kwa mkono mmoja, si ya kuzungusha. Ya kuzungusha itakusumbua gizani, na ukiigusa tu fokasi inahama.

Zima flashi, na hii iseme kwa majirani zako pia. Zima kitulizi cha mtikisiko kwa kuwa uko kwenye tripodi. Weka mpangilio wa rangi kwenye alama ya kijua. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Hatua ya 5: Fokasi na muda wa shata

Fokasi ifanywe siku ileile, filta ikiwa mbele. Kuza picha kwenye skrini ya nyuma, lenga ukingo wa jua au doa jeusi kama lipo, zungusha mpaka ukingo ukate. Kisha zima fokasi ya otomatiki na ubandike ule utepe wa karatasi kwenye pete ya lenzi. Irudie nusu saa kabla ya giza: hewa inapoa, lenzi inasinyaa kidogo, na fokasi ya saa mbili zilizopita si ya kuaminiwa.

Sasa mwanga. Ugumu ni kwamba hakuna muda mmoja wa shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, unaolitosha tukio hili. Berkowski, aliyepiga picha ya kwanza nzuri ya taji kule Königsberg tarehe 28 Julai 1851, aliacha bamba lake likinywa mwanga kwa sekunde 84. Kamera ya leo inamaliza ndani ya sekunde moja, lakini tatizo ni lilelile: taji la ndani linang'aa mamia ya mara kuliko la nje. Kwa f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), anzia hapa, namba zote zikiwa sehemu za sekunde:

- Jua likiwa limepatwa sehemu, filta ikiwepo: 1/400
- Shanga za Baily (vipande vya mwisho vya mwanga ukingoni mwa mwezi): 1/3200
- Ndimi nyekundu za gesi ukingoni: 1/800
- Taji la ndani kabisa: 1/200
- Taji la kati: 1/15
- Taji la nje: 1/3 hadi 2/3 ya sekunde

Pete ya almasi, yaani nukta moja ya mwisho ya jua inayong'aa ukingoni, haina namba moja. 1/60 inatoa mng'ao mkubwa na 1/500 inaubana. Mimi napenda unaomwagika.

Kwa kuwa huna muda wa kubadili hivyo vyote kwa mkono, tumia kipengele cha kamera kinachopiga picha kadhaa za mwangaza tofauti kwa mbonyezo mmoja, kile kinachoandikwa AEB kwenye kamera nyingi. Mfululizo wa 1/2000, 1/500, 1/125, 1/30, 1/8 na 1/2 unagusa karibu kila kitu. Kamera isiyoruhusu hatua pana kiasi hicho ipewe picha nyingi kadiri inavyokubali, katikati ikiwa 1/60. Usivuke nusu sekunde kwa lenzi ya milimita 400 kama huna kifaa cha kufuatilia nyota, maana mzunguko wa dunia utaanza kuonekana kwenye picha.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi kwa mwezi mpevu

Mwezi mpevu una ukubwa uleule angani na unaenda kwa mwendo karibu uleule, kwa hiyo usiku wake ni uwanja wa mazoezi wa bure. Panga kila kitu kama siku yenyewe. Washa saa ya kuhesabu, vua filta, piga mfululizo, ondoka kwenye kamera, angalia juu, rudi, piga, rudisha filta. Rudia ukiwa umefumba macho. Kama mkono unatafuta kitufe, bado hujafika. Utaona pia baada ya dakika ngapi mwezi unatoka katikati ya fremu, na hapo utajua ni mara ngapi utalazimika kuisogeza kamera.

Andika mpango wako kwenye kipande cha karatasi kisichozidi mistari mitano. Mpango wenye mistari ishirini hautasomwa na mtu gizani.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika mapema, siku moja kabla ukiweza. Kule Marekani, mwaka 2017 na 2024, foleni za kurudi zilikuwa kubwa kuliko za kwenda, kwa sababu watu wote huondoka dakika ileile. Chukua maji na chakula cha kutosha ubaki mpaka barabara zipumue.

Mguso wa kwanza, mwezi unapong'ata ukingo wa jua, hutokea saa moja na zaidi kabla ya giza. Piga picha moja kila dakika 5 au 10, filta ikiwepo. Kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika ardhini. Pitisha miwani kwa jirani, kaa kivulini, kunywa maji. Chini ya mti wenye majani mengi utaona vijua vidogo vilivyomegwa vimetapakaa ardhini, kwa sababu kila upenyo kati ya majani unafanya kazi ya tundu la sindano. Usipokuwa na mti, pishanisha vidole vya mikono miwili juu ya kitambaa cheupe.

Jua likibaki robo, mambo yanaanza. Mwanga unakuwa wa ajabu: si wa jioni, maana hauna wekundu, umepauka kama bati. Vivuli vinakata. Simama ukiwa umelipa jua mgongo, inua mkono, uangalie kivuli cha nywele za mkono wako ardhini: unywele mmoja mmoja unaonekana, kwa kuwa chanzo cha mwanga sasa ni utepe mwembamba. Joto linashuka, mara nyingi nyuzi kadhaa. Upepo hubadilika. Ndege wanaelekea mitini. Zuhura huchomoza mchana kweupe.

Dakika 5 kabla, kagua mara ya mwisho: fokasi, jua katikati ya fremu, AEB imewashwa, filta imelegezwa. Tandaza kitambaa cheupe. Dakika ya mwisho unaweza kuona mistari ya vivuli ikitambaa juu yake, inayosababishwa na hewa inayochezacheza mbele ya ule utepe wa mwanga. Wakati mwingine haitokei. Tazama magharibi ya upeo. Giza linatoka huko, na ukiwa mahali palipoinuka utaliona likija.

Sekunde 20 au 30 kabla, vua filta ya lenzi lakini usichungulie kwenye kioo cha kamera, na miwani ibaki usoni. Anza kupiga. Utepe unakatika vipande: hizo ndizo shanga za Baily, mwanga wa jua ukipenya kwenye mabonde ya ukingo wa mwezi, zilizopewa jina la Mwingereza Francis Baily aliyezieleza mwaka 1836. Inabaki moja, inang'aa peke yake. Ndiyo almasi. Inazimika.

Vua miwani.

Hapa ndipo mazoezi yanapolipa. Bonyeza mfululizo wako mmoja, kisha ondoa mkono kwenye rimoti na uangalie kwa macho. Duara jeusi kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona angani, na taji likitiririka pembeni. Umbo la taji hutegemea hali ya jua katika mzunguko wake wa miaka 11: karibu na kilele, kama mwaka 2024, linasambaa pande zote, jua likiwa limetulia, linavutika kushoto na kulia kwa mabawa marefu. Ukingoni tafuta wekundu wa waridi, ndimi za gesi zilizo kubwa kuliko dunia yetu. Kama una darubini ya macho mawili, ishike sasa, bila filta. Hakuna picha itakayokupa inachokupa hiyo, maana jicho linaona taji la ndani na la nje kwa pamoja, kitu ambacho kamera inahitaji picha sita kukifanya. Ishushe mapema, sekunde 15 kabla ya mwisho.

Kisha geuka. Wengi wanasahau. Upeo wote wa macho, pande zote nne, una rangi ya machweo, kwa sababu kule mbali ni nje ya kivuli na bado ni mchana. Angalia nyuso za watu.

Tega kengele ya simu ilie nusu dakika kabla ya giza kuisha, maana akili yako haitakuwa na habari na muda. Ikilia, rudi kwenye kamera, bonyeza tena. Upande mmoja wa mwezi ukingo utaanza kuwa mwekundu, halafu almasi ya pili. Picha moja au mbili, macho chini, miwani usoni, filta kwenye lenzi. Kwa mpangilio huo.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Karibu kila mtu huanza kufungasha. Ukiwa umeamua kupiga mfululizo wa hatua zote, baki. Nusu ya pili ya kazi yako ndiyo kwanza inaanza. Nakili picha kwenye kifaa cha pili kabla ya kuondoka mahali hapo. Mtu yeyote katika kundi lako akianza kuona doa au ukungu katikati ya jicho, hata kesho yake, aende kwa daktari wa macho na aeleze alichokitazama.

Unapounganisha zile picha sita ziwe moja, programu nyingi zitapanga picha kwa kufuata ukingo wa mwezi, kwa kuwa ndio mstari ulio wazi zaidi. Zikatalie. Katika dakika zile mwezi ulikuwa unasogea mbele ya jua, kwa hiyo ukipanga kwa mwezi, nyuzi nyembamba za taji zitapishana na kuwa ukungu. Panga kwa taji lenyewe, au kwa ulimi mwekundu unaoonekana katika picha zaidi ya moja, kisha ule mviringo wa mwezi uliochezacheza katikati uubandike mwishoni kutoka picha moja tu, ile ya saa ya katikati ya giza.